Daftari Linalofia Ukurasa wa Saba

Tuliomba maswali kuhusu kuweka kumbukumbu kwa maandishi. Barua za Mtwara na Lindi zimetoka shambani, feri, chuoni na kwenye vikundi vya hisa, na karibu zote zina ugonjwa mmoja: daftari linaanza kwa mwandiko wa kupendeza, kichwa cha habari kimepigiwa mstari kwa rula, kisha linafia ukurasa wa saba. Barua tumezifupisha. Majibu tumeyaacha marefu pale palipohitaji maelezo.

Kila msimu nanunua kaunta buku mpya kwa ajili ya shamba langu la mikorosho. Mwezi wa sita naandika kila siku, nusu ukurasa au zaidi. Mwezi wa nane, kupulizia kukipamba moto, naacha. Mwaka huu nataka nifike mwisho wa msimu. Nifanye nini? (Mkulima, Tandahimba)

Kosa halitokei mwezi wa nane. Linatokea mwezi wa sita. Nusu ukurasa kwa siku unabebeka wakati kazi ni palizi na kusubiri maua. Msimu wa salfa, ile dawa ya unga ya kupulizia mikorosho, ukishika kasi, unaamka saa kumi alfajiri ili upulizie umande ukiwa bado kwenye majani na upepo haujaamka, unarudi salfa imekujaa mpaka kwenye kope, halafu sebuleni kuna daftari linadai insha. Hapo nani ataandika? Kiasi cha kuandika kikadirie kwa siku yako mbaya kuliko zote.

Andika mstari mmoja kwa kila kazi, basi. Mstari huo uwe na vitu vitano: tarehe, kipande cha shamba, kazi, kiasi, na jambo moja uliloliona kwa macho. Mfano:

14/7. Kipande cha juu. Salfa raundi ya 2. Mfuko 1, miti 104. Upepo uliamka saa 2, imebaki miti 11 upande wa barabara.

Huo umeandikwa kwa dakika moja. Sasa tazama unachokupa. Mfuko wa kilo 25 ukigawa kwa miti 104 unapata gramu 240 kwa mti. Linganisha na kipimo alichokupa afisa ugani. Ikiwa raundi iliyofuata mfuko uleule umeishia kwenye miti 70, hizo ni gramu 357 kwa mti: ama bomba linatema kupita kiasi, ama kijana uliyemwajiri anasimama chini ya mti mmoja akipiga soga. Bila mstari ule ungejua tu kwamba salfa imeisha mapema.

Ile miti 11 ndiyo yenye thamani kubwa zaidi. Wiki chache baadaye ukiona maua yamefunikwa na unga mweupe wa ugonjwa wa ubwiriunga upande wa barabara, utajua ni miti iliyorukwa. Asiye na daftari atasema salfa ilikuwa feki, atagombana na muuza pembejeo, na mwaka ujao atabadilisha dawa ambayo haikuwa na kosa.

Kuhusu mahali pa kuandikia, kaunta buku iache nyumbani. Shambani peleka daftari dogo la kuingia mfukoni, lifungwe pamoja na penseli kwa kamba kwenye mfuko wa vifaa vya bomba. Daftari likiwa sebuleni na kazi ikiwa shambani, kati yake kuna njaa, kuoga na usingizi, na hakuna mstari unaovuka vikwazo vitatu hivyo. Chagua tendo ambalo hulikosi kamwe, kwa mfano kusafisha bomba baada ya kazi, na uandike mara tu baada ya tendo hilo, kabla hujanawa mikono kwa ajili ya kula. Usijiambie "nitaandika jioni." Jioni ni muda mrefu na hauna mlango.

Sasa jambo ambalo wengi hawalifanyi, na kutolifanya ndiko kunakoua madaftari kuliko uvivu: kusoma ulichoandika. Kabla ya kufungua mfuko wa raundi inayofuata, soma mistari ya raundi iliyopita, yote, kwa sauti kama una msaidizi. Ukifanya hivyo mara mbili tu, utaanza kuandika kwa ajili ya yule mtu atakayesoma wiki mbili zijazo, ambaye ni wewe, na utaona aibu kumwandikia "leo tumepulizia vizuri."

Mavuno yakianza, ligeuze daftari juu chini na uanzie ukurasa wa mwisho. Mbele kazi, nyuma mauzo. Kwa kila mzigo andika: tarehe, kilo ulizopima nyumbani, kilo za mizani ya chama cha ushirika, daraja, namba ya stakabadhi. Nafasi ya kulia iache wazi kwa ajili ya bei ya mnada, makato, na tarehe pesa zilipoingia. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani (korosho zinasubiri mnada ghalani, wewe unabaki na stakabadhi) uanze kwenye korosho mwaka 2007, siku ya kupima na siku ya kulipwa ni siku mbili tofauti, na katikati yake ndipo watu husahau na kulaumiana. Kilo za nyumbani na za chama zikitofautiana kwa kiasi kilekile kila mara, mzani mmoja kati ya hiyo miwili una kasoro, nao unaweza kuwa wa kwako. Tofauti ikipanda na kushuka ovyo, chunguza kwanza ukavu wa korosho: zilizoanikwa siku moja na zilizoanikwa siku tatu hazina uzito mmoja.

Na mabibo yaweke mbali na karatasi. Doa la bibo halitoki kwenye shati, sembuse kwenye daftari.

Nasomea uuguzi hapa Mtwara mjini. Naandika kila anachosema mkufunzi, madaftari yamejaa, lakini mtihani ukikaribia nayasoma kama yameandikwa na mtu mwingine. Mwaka wa kwanza niliandika kila somo, sasa nimekata tamaa na napiga picha ubao. (Dada wa mwaka wa pili)

Mkufunzi akizungumza kawaida anatoa maneno 100 na zaidi kwa dakika. Mkono unaoandika haraka unatoa kama 20 mpaka 30. Kwa hiyo "kila anachosema" hukuwahi kukiandika; uliandika kipande cha hiki na kipande cha kile, na muda wote masikio yalikuwa yakikimbizana na kalamu. Ongeza kwamba somo linafundishwa kwa Kiingereza na wewe unafikiri kwa Kiswahili. Mtu anaweza kunakili sentensi kumi za Kiingereza bila hata moja kupita kichwani.

Andika kwa Kiswahili chako cha kila siku. Jina la ugonjwa, la dawa na la kifaa liache kama mkufunzi alivyolitamka, kwa sababu mtihani utalidai hivyo, lakini maelezo yake yaweke kwa lugha ambayo ungemweleza mama aliyeleta mtoto kliniki. Usipoweza kumweleza mama yule, hujaelewa bado. Weka alama ya kuuliza pembeni ukamuulize mkufunzi kabla hajatoka.

Ukurasa ugawe kabla kipindi hakijaanza. Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21. Piga mstari wima sentimita 6 kutoka kushoto, na mstari wa kulala sentimita 5 kutoka chini. Kulia andika wakati wa kipindi. Kushoto acha wazi, na chini acha wazi. Mpangilio huu ulienezwa na Walter Pauk wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, katikati ya karne iliyopita, na hadi leo hatujaona mwingine unaohitaji rula na penseli tu ukafanya kazi kubwa hivi. Ukitumia daftari dogo la kawaida, sentimita 4 za kushoto zinatosha.

Jioni ileile, dakika kumi, jaza kushoto kwa maswali. Chukua somo la mtoto anayeharisha. Kulia umeandika: "macho yamedidimia, ngozi ya tumbo ikifinywa inarudi polepole, anakunywa kwa pupa au hawezi kunywa, analegea." Kushoto andika: "Nikimtazama na kumgusa, nitajuaje amepungukiwa maji?" Kulia: "ORS (chumvi ya kurudisha maji mwilini) pakiti 1 ya lita moja, maji ya kunywa lita 1, zinki siku 10 mpaka 14." Kushoto: "Mama aondoke na nini, na atumie kwa siku ngapi?" Chini kabisa, sentensi moja au mbili za somo zima kwa maneno yako.

Kusoma kwako kwa mtihani kutakuwa hivi: unafunika upande wa kulia kwa karatasi, unasoma swali la kushoto, unajibu kwa sauti, ndipo unafunua. Fanya hivyo kesho yake, kisha baada ya wiki, kisha kabla ya mtihani. Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana na kuchapisha matokeo mwaka 1885, alionyesha kwamba sehemu kubwa ya tunachosahau tunaisahau saa za mwanzo, halafu usahaulifu unapunguza mwendo. Ndiyo maana tunasisitiza jioni ileile, tena isingoje Jumamosi.

Yapo mambo mawili yanayokula muda na kukupa raha ya uongo. La kwanza ni kunakili upya daftari zima kwa mwandiko mzuri. La pili ni kupaka rangi za njano na pinki kila mstari mpaka ukurasa unafanana na kanga. Yote mawili mkono unafanya kazi, kichwa kimelala. Saa utakayotumia kunakili, itumie kujibu maswali ya kushoto.

Vifupisho tumia, ila viandike vyote ndani ya jalada la mbele: mgj ni mgonjwa, mshale wa juu ni kuongezeka, mshale wa kulia ni kusababisha. Kipimo cha dawa ndicho kisifupishwe kwa vifupisho vya kwako. Miligramu na mikrogramu zinatofautiana mara 1,000, na herufi moja iliyofutika inatosha kuleta balaa. Jina la mgonjwa nalo lisiingie kwenye daftari lako, hata ukiwa kwenye mafunzo ya wodini.

Picha za ubao si dhambi. Kwa mchoro mgumu piga, halafu jioni uchore mwenyewe huku ukiitazama. Picha ambayo hujaichora ndani ya siku mbili, ifute. Inakudanganya kwamba unayo.

Nauza samaki feri ya Mtwara. Tangu asubuhi mikono ina maji na magamba. Wateja wanakopa, jioni nakumbuka nusu yao. Mwanangu alinipa daftari, siku ya pili likalowa lote. (Mama muuza samaki)

Shikamoo mama. Daftari lako libaki nyumbani, pakavu. Mezani kwako weka kipande cha boksi gumu, ukubwa wa kiganja na nusu, na penseli iliyofungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza. Penseli haiyeyuki kwa maji. Kalamu ya wino mwepesi ikiguswa na tone moja inageuka wingu la bluu. Ukiwa na kitambaa kikavu cha kufutia vidole viwili tu, cha gumba na cha shahada, inatosha.

Kwenye boksi usiandike maneno, weka alama. P ni pweza, C ni changu, K ni kibua. Kila fungu, herufi moja. Mteja aliyekopa mpe jina la kazi au la mahali ili usimchanganye na wenzake, maana akina mama Asha feri wako wengi. Kwa mfano:

ML stendi KKK 6 Ijumaa

Yaani mama lishe wa stendi, mafungu matatu ya kibua, elfu sita, atalipa Ijumaa. Akilipa, kata mstari juu yake palepale akiwa anakutazama. Kumkata mbele ya macho yake kunamaliza ubishi kabla haujazaliwa.

Jioni, kabla ya kuvua kanga ya kazini, hamisha boksi kwenye daftari. Daftari liwe na safu tano: tarehe, nilinunua kwa bei gani, niliuza kwa jumla gani, waliokopa, waliolipa. Boksi usilipeleke jikoni likakusubiri hapo, asubuhi litakuwa limewasha jiko. Na usilimbikize maboksi mawili. Siku moja ya deni unaikumbuka; siku mbili zinachanganyika, na hapo ndipo mteja mwema anapodaiwa mara mbili na mjanja anapona.

Ongeza safu ya sita yenye neno moja tu: bamvua au maji mafu. Unajua mwenyewe kwamba maji yakitoka sana, watu wa pweza wanafika miambani mbali, na bei ya pale chini haifanani na ya siku za maji mafu. Bamvua inarudi takriban kila wiki mbili, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Andika kwa miezi mitatu, kisha mwambie mwanao akusomee siku za bamvua peke yake. Utajua ni siku zipi uende na mtaji wako wote na zipi uende na nusu.

Nimesikia tabia hujengeka kwa siku 21. Nilihesabu, nikaandika siku 19, nikasafiri kwenda Kilwa kwenye msiba, nikakosa wiki nzima. Je, nianze tena moja? (Lindi mjini)

Pole kwa msiba. Hapana, usianze tena moja.

Hesabu ya siku 21 chanzo chake si utafiti wa tabia. Maxwell Maltz, daktari Mmarekani wa upasuaji wa sura, aliandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji walau siku 21 hivi kuizoea sura mpya. Maneno yalisafiri, "walau" likaanguka njiani. Watafiti wa University College London wakiongozwa na Phillippa Lally waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12, kila mmoja akijaribu kujenga tabia ndogo ya kula, kunywa au mazoezi. Matokeo yaliyochapishwa katika jarida mwaka 2010 yalionyesha kwamba mtu wa katikati alihitaji siku 66, wengine 18 tu, na kwa wengine makadirio yalifika 254. Vilevile waliona kwamba kukosa siku moja hakukuharibu ujenzi wa tabia.

Wiki nzima ni zaidi ya siku moja, lakini nayo si mwisho. Kinachoua ni unachofanya siku ya kurudi. Watu wengi wanataka kwanza wajaze zile siku saba, wanakaa na kalamu wakijaribu kukumbuka Jumanne iliyopita ilikuwaje, wanachoka, wanafunga daftari, na halifunguliwi tena. Siku za nyuma usizijaze. Ruka mstari mmoja, andika "safari, msiba," weka tarehe ya leo, na andika kitu kimoja kifupi kuliko kawaida yako. Ukurasa mpya usikudanganye, na daftari jipya ndiyo kabisa usinunue. Kununua daftari jipya ni namna ya kuahirisha inayonukia dukani.

Na panga mapema kwa ajili ya siku zisizo za kawaida. Sentensi moja ndani ya jalada: "Nikiwa safarini naandika nikiwa kitandani, kabla sijazima taa, mstari mmoja." Tabia iliyofungwa kwenye kikombe cha chai cha nyumbani kwako inaachwa nyumbani pamoja na kikombe.

Simu au karatasi? (Kijana, Ruangwa)

Kwa kutafuta na kukumbushwa, simu. Kwa kuelewa na kufikiri, karatasi, ingawa ushahidi hauko upande mmoja kama watu wanavyodhani. Utafiti wa Pam Mueller na Daniel Oppenheimer wa mwaka 2014 ulikuta wanafunzi walioandika kwa mkono wakijibu vizuri zaidi maswali ya kuelewa kuliko walioandika kwa kompyuta, kwa kuwa wa kompyuta walinakili neno kwa neno. Waliorudia jaribio hilo miaka ya baadaye hawakuona tofauti kubwa namna hiyo. Kwa hiyo ukiweza kujizuia kunakili, chombo si hoja.

Hoja ni kwamba simu ina mlango wa kila mtu. Umeifungua uandike bei ya ufuta, umekutana na ujumbe wa shemeji, umetoka baada ya dakika arobaini na bei hujaiandika. Ukichagua simu, tumia mahali pamoja tu, na njia rahisi kwa wengi ni kujitumia ujumbe mwenyewe kwenye WhatsApp. Sauti usizidishe sekunde 20, vinginevyo hutasikiliza tena. Kila Jumapili hamishia kwenye karatasi yale unayohitaji kuyatunza, hasa ya pesa. Simu huanguka chooni. Hili halihitaji utafiti.

Mimi ni katibu wa kikundi cha hisa. Wanachama wanabishia daftari langu kila mwisho wa mzunguko. (Masasi)

Namba za kurasa ziandike zote kabla ya kikao cha kwanza, ili ukurasa ukichanwa uonekane. Kila kiasi kiandikwe kwa tarakimu na kwa maneno: 15,000, elfu kumi na tano. Ukikosea, piga mstari mmoja unaoacha kosa lisomeke, andika sahihi kando yake, wewe na mweka hazina mtie saini. Kufuta kwa wino mweupe ni kualika ugomvi. Kisha kabla watu hawajanyanyuka, soma kwa sauti hisa, mikopo na marejesho ya siku hiyo, jina kwa jina. Mwenye neno aseme hapohapo. Dakika kumi hizo zinaonekana ndefu watu wakiwa na njaa, ila usizikate.

Madaftari yangu ya miaka mitatu yameliwa na mchwa, mengine yameota ukungu. (Nachingwea)

Usiyaweke sakafuni wala usiyaegemeze ukutani. Mchwa hupanda na ukuta. Ndoo ndogo ya rangi iliyooshwa, yenye mfuniko unaobana, iliyotundikwa au kuwekwa juu ya meza, ndiyo kabati bora tunayoijua. Daftari lenye unyevu lianike kivulini kwanza, kurasa zikiwa wazi, kwani ukifungia unyevu ndani ya ndoo umefuga ukungu. Kati ya Desemba na Aprili, mvua zikiwa zimeshika, lifungue kila wiki mbili. Ukilisoma kama tulivyomshauri mkulima wa Tandahimba, utakuwa umelipa hewa bila kujua.

Shikamooni. Mimi sikusoma sana, naandika jina langu na namba tu. Nafuga kuku wa kienyeji. Vifaranga vinakufa, chanjo nasahau, kuku anaatamia sijui tangu lini. Mjukuu wangu anasema niandike, nitaandikaje? (Bibi, Newala)

Marahaba hatuistahili, bibi, shikamoo wewe. Mwenye namba ana kila anachohitaji.

Tafuta kalenda ya ukutani, ile kubwa inayogawiwa madukani mwisho wa mwaka, yenye chumba kwa kila siku. Itundike kwenye nguzo unayopita ukienda kufungulia kuku asubuhi, kwa kimo cha macho yako, na penseli ining'inie kwa uzi. Isiwe chumbani. Ukifungua banda, unaweka alama, ndipo unamwaga pumba. Kuku wenyewe watakukumbusha, maana hawatakubali kukosa pumba.

Alama za kila siku ziwe nne. Duara ni yai: mayai matatu, maduara matatu. Mkato uliolala ni kifaranga aliyekufa. Msalaba ni kuku mkubwa aliyekufa. Tone ni chanjo. Alama ya tano ya kila siku ukiiongeza kabla mwezi haujaisha, zitaanza kukuchanganya. Ngoja hizi nne zikae mkononi.

Kuku akianza kulalia mayai, andika namba ya mayai ndani ya chumba cha siku hiyo na uizungushie mraba. Hesabu vyumba 21 mbele, na hapo chora mraba mtupu. Ukifika kwenye mraba ule, vifaranga vinatarajiwa. Vikitoka saba kwenye mayai kumi na mbili, andika 7 ndani yake. Baada ya kuku watatu au wanne utaona yupi anaangua vizuri na yupi wa kupelekwa sokoni.

Mdondo ndio ugonjwa unaomaliza banda zima kwa siku chache, na chanjo yake ya tone moja jichoni hurudiwa kila miezi mitatu. Siku wanapochanjwa, chora tone. Palepale, kabla mchanjaji hajaondoka, funua kurasa tatu za kalenda na uchore tone jingine siku kama hiyo. Wiki moja kabla ya tone hilo, chora nusu tone, ili upate muda wa kuwaambia majirani mchangie chupa moja, kwa sababu chupa ina matone mengi kuliko kuku wako na ikishafunguliwa haiwekwi akiba ya msimu ujao.

Mikato ya vifaranga usiihesabu kila siku, itakuvunja moyo. Mwisho wa mwezi mwite mjukuu, mkae chini ya kalenda, yeye ahesabu mikato na wewe umwambie siku hizo kulitokea nini: mvua, kicheche, mwewe, au banda lilivuja. Mikato ikiwa imesongamana siku tatu au nne mfululizo, ni ugonjwa, mwite mtaalamu wa mifugo. Ikiwa mmoja mmoja, imetawanyika mwezi mzima na maiti hazionekani, tafuta tundu kwenye banda.